Sketi ya kwanza ya fundi: apimwe mtoto, isipimwe miaka minne

Majina ya waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza yakishatoka mwezi Desemba, nyumba nyingi za Hirbadaw huanza hesabu. Godoro, daftari, viatu, sweta, sare. Tangu Januari 2016 ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali imefutwa, na wazazi walipumua. Lakini sare imebaki juu ya mzazi, na kwa mtoto wa kike sare hiyo ina kitu kimoja kinachosumbua kuliko vyote: sketi ya marinda.

Mama mmoja wa huko, mwenye mabinti watatu, alikuwa na hesabu yake tayari. Aliuza mbuzi mnadani, akatenga fedha ya kitambaa na ya fundi, akamwambia binti yake wa pili wajiandae kwenda kushona. Kwa binti huyo lilikuwa jambo geni. Darasa la kwanza hadi la saba alivaa sketi zilizotoka kwa dada yake, au za mtumba zilizopunguzwa kwa mkono nyumbani. Hajawahi kusimama mbele ya fundi akapimwa yeye.

Njiani mama alishatoa uamuzi. "Tutamwambia fundi aifanye kubwa. Kiuno inchi 30, urefu inchi 32. Itakukaa mpaka kidato cha nne."

Binti hakujibu. Alikuwa anajua sketi kama hiyo inavyokuwa, maana ndiyo aliyoivaa dada yake.

Dada mtu alishonewa sketi ya miaka minne. Mwaka wa kwanza ilimshuka kiunoni, ikafungwa kwa pini pembeni. Pini ya sketi ya shule ina tabia ya kufunguka pale tu mtoto anaposimama. Basi akawa hasimami. Mwalimu akiuliza swali, jibu analijua, mkono uko chini, kwa sababu mkono mmoja umeshika kiuno. Mwaka wa tatu ikawa imemwenea vizuri, lakini kitambaa kilishachakaa na makalio yake yameanza kung'aa kama yamepakwa mafuta. Mwaka wa nne ilichanika. Kwa hiyo sketi ya miaka minne ilimfaa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Mama aliyajua yote hayo, lakini kuyajua si sawa na kuwa na fedha ya sketi mbili.

Ugomvi huu mdogo kati ya mama na binti hutokea kila Januari katika nyumba nyingi, na wote wawili huwa na haki. Mama anataka sketi idumu. Binti anataka sketi imkae leo. Kinachosahaulika ni kwamba sketi ya marinda, ikipimwa inavyotakiwa, inaweza kuwapa wote wawili wanachokitaka. Ina nafasi ya kukua iliyofichwa ndani yake, na nafasi hiyo haiko kiunoni.

Fundi waliyemwendea alikuwa na cherehani yake barazani mwa duka, njia panda, mbele ya watu. Siku ya soko hapo hupita kila mtu: wauza vitunguu, vijana wa bodaboda, wazee wa Kidatoga na fimbo zao.

"Shikamoo fundi," binti akasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu, Ayo," fundi akamgeukia mama kwa neno la Kiiraqw ambalo watu wa huko humwitia mama. "Ndiye huyu wa sekondari?"

Mama akaanza: thelathini, thelathini na mbili. Fundi akaandika nusu, kisha akaweka kalamu chini. Akasema mwenye sketi yupo hapa, kwa nini apimwe kwa kukisia?

Binti akaangalia barabara. Vijana watatu wa bodaboda walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao, hawana abiria, hawana kazi.

Hapo pana jambo ambalo wazazi wengi hulipita haraka. Msichana wa miaka 13 au 14 mwili wake umeanza kubadilika, na yeye ndiye wa kwanza kuliona hilo. Kumsimamisha barazani, fundi mwanaume amzungushie futi kamba nyongani huku njia nzima inatazama, ni kumtia aibu ambayo ataikumbuka kuliko sketi yenyewe. Si kwamba fundi ana nia mbaya. Mafundi wengi ni watu wa heshima na wamepima maelfu. Lakini heshima ya fundi haimwondolei mtoto macho ya njia panda.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Wapime ndani ya duka, au nyuma ya pazia. Mama ashike futi kamba mwenyewe, fundi aelekeze na kuandika. Au atafutwe fundi mwanamke, na siku hizi wapo. Mafundi wenye busara hulipendekeza hilo wenyewe kabla hawajaombwa. Huyu wa njia panda alimkabidhi mama futi kamba, akawaonyesha mlango wa stoo, akabaki nje akiuliza namba kwa sauti.

Ndipo ikaonekana kwamba mama hakuwahi kumpima mtu. Alianza kumpima binti juu ya sweta.

Anayepimwa sketi avae kile atakachovaa ndani ya sketi, basi. Kama shati la shule huchomekwa, avae shati na achomeke. Sweta livuliwe. Kanga ifunguliwe. Asimame wima, miguu pamoja, asivute tumbo ndani. Wasichana huvuta tumbo bila kujijua wakiona tepu, na sketi iliyopimwa tumbo likiwa ndani itambana akishakula.

Kiuno kinapimwa pale sketi itakapokaa, na huyo binti ndiye anayejua hukaa wapi. Wengine huvaa juu kidogo ya kitovu, wengine chini yake. Njia nzuri ni kumfunga kamba au utepe kiunoni, aambiwe atembee hatua kumi na ainame. Kamba itajitafutia mahali pake. Hapo ndipo kiuno cha sketi, na urefu nao uanzie hapo hapo. Binti huyu alitoka na inchi 25, si 30.

Kisha nyonga, na hiki ndicho kipimo kinachoharibu sketi nyingi za marinda. Fundi wa haraka hupima kiuno tu, akakunja marinda mpaka yakatosha kiuno, akamaliza. Ikining'inizwa ukutani inapendeza. Mtoto akiivaa, marinda yote yanaachama kuanzia nyongani, yako wazi kama kurasa za kitabu kilicholowa. Marinda yanatakiwa yafunge mtoto anaposimama na yafunguke anapotembea. Ili yafunge, fundi lazima ajue nyonga zina inchi ngapi. Tepu inazungushwa pale palipo papana zaidi, nyuma na mbele iwe usawa mmoja, na vidole viwili vipite kati ya tepu na mwili. Binti alikuwa na 33. Fundi akaongeza mbili za kupumua, ikawa 35.

Angalia sasa. Kiuno 25, nyonga 35. Ni tofauti ya inchi kumi. Kwenye sketi ya marinda ishirini, tofauti hiyo inagawanywa: kila rinda linafinywa nusu inchi zaidi kwenye kiuno kuliko nyongani. Hakuna anayeiona kwa macho, lakini hiyo nusu inchi ndiyo kazi yote.

Mwisho ni urefu. Fomu ya maelekezo ya shule husema sketi ivuke magoti, nyingine hutaja inchi kabisa, na ni vizuri mzazi aende na fomu hiyo mkononi kwa fundi badala ya kuikumbuka. Binti alipimwa amesimama, kutoka kwenye kamba ya kiuno mpaka chini ya goti, inchi 26. Kisha fundi akamwambia mama kwa sauti kutoka nje: apige magoti. Akipiga magoti, pale alama ya pindo ilipo paguse sakafu. Kisha akae kwenye kigoda. Kisha apige hatua ndefu, kama anavuka mfereji.

Mama akacheka, "Fundi, sketi au gwaride?"

Lakini ndivyo. Mtoto wa shule hapigwi picha amesimama. Anainama kufagia, anachuchumaa, anapanda pikipiki au anatembea kilomita kadhaa asubuhi, anavuka makorongo wakati wa mvua. Sketi ya inchi 32 ambayo mama aliitaka ingemshuka inchi sita chini ya hapo, ingemsumbua kwenye ngazi na kushika tope la Machi na Aprili.

Kipimo cha kupiga magoti kina ndugu wa mbali. Huko Uskoti, wanaume huvaa sketi ya marinda ya sufu iitwayo kilti, kwenye harusi na sherehe. Mbele ni bapa, vipande viwili vinapishana. Marinda yote yako nyuma. Inayoshonwa na fundi kwa mtindo wa zamani hutumia kitambaa cha kama yadi 8, yaani zaidi ya mita 7, na fundi wake hupima vilevile: kiuno, nyonga, na urefu mpaka usawa wa goti. Na kwa Waskoti pia mwenye vazi huambiwa apige magoti ili waone pindo limekaa wapi. Sketi za drafti ambazo wasichana wa shule nyingi za binafsi za Tanzania na za sekondari nyingi za Kenya huvaa ni wajukuu wa vazi hilo. Watoto hawajui kwamba asili yake ni nguo ya wanaume, na wakiambiwa hucheka sana.

Sketi yenye kushonwa kwa kipimo cha mwili si jambo lililoletwa na shule katika nchi hii ya Mbulu na Hanang. Wanawake wa Kidatoga walioolewa wamekuwa na sketi yao ya ngozi, nguo ya heshima. Na mabinti wa Kiiraqw zamani, walipokuwa ndani kwa ajili ya unyago, walishona wenyewe sketi za ngozi zenye shanga nyingi ajabu. Baadhi ya sketi hizo leo zimo kwenye makumbusho ya ng'ambo. Msichana aliyeshona mwenyewe hakuhitaji kuambiwa kiuno chake kiko wapi.

Vipimo vikaisha. Fundi akaandika namba zote kwenye kipande cha boksi la sigara, na hapo mama alifanya jambo la maana kuliko yote ya siku hiyo: alimwambia binti aziandike pia nyuma ya daftari lake, na tarehe. Mwaka ujao hawatabishana mtoto ameongezeka kiasi gani. Watasoma.

Kikabaki kitambaa. Hirbadaw wapo wanaokwenda kununua Katesh na wapo wanaokwenda Haydom, kutegemea mtu anaishi upande gani na gari lipi limepita. Fundi alimpa mama ushauri mmoja kabla hajaondoka: aulize upana kabla ya kuuliza bei.

Hapa wazazi wengi hupoteza fedha wakidhani wanaokoa. Vitambaa vya sare huja kwa upana tofauti. Kuna vyenye inchi 36 na kuna vyenye inchi 60. Rinda lililokunjwa kamili linakula kitambaa mara tatu ya sehemu inayoonekana: moja juu, mbili zimejificha chini yake. Kwa hiyo sketi yenye nyonga 35 inataka mzunguko wa inchi 105, kabla ya mishono. Urefu ni 26, ongeza 3 za pindo na 1 ya kushonea kiuno, inakuwa 30.

Kwa kitambaa cha inchi 60, vipande viwili vinatosha. Hiyo ni inchi 60 za urefu, kama mita moja na nusu, na ukanda wa kiuno ukiongezwa, mita 1.75 inamaliza kazi. Kwa kitambaa cha inchi 36 vinahitajika vipande vitatu, navyo vinatosha kwa kubanana. Inakuwa inchi 90, na ukanda wake, mita 2.5. Tuseme chembamba kinauzwa shilingi 5,000 kwa mita na kipana 7,000. Chembamba kitagharimu 12,500, kipana 12,250. Kile kilichoonekana rahisi dukani ndicho ghali, na bado kina mshono mmoja zaidi wa kukatika. Bei hizo ni za mfano tu, lakini mwenye simu anaweza kuingiza za dukani akiwa amesimama pale pale mbele ya muuzaji.

Kama shule inataka drafti, hesabu inaongezeka. Miraba ya upande mmoja inatakiwa ikutane na ya upande wa pili kwenye mshono, na ili ikutane fundi lazima asogeze kipande juu au chini. Aongezewe urefu wa mraba mmoja mzima kwa kila kipande. Fundi wa drafti pia hukunja rinda kwa kufuata mistari, ili sketi ikifunga ionekane kama kitambaa ambacho hakijakunjwa. Asiyejua hilo hutoa sketi yenye mistari iliyokatikakatika, na mtoto ataitambulika nayo mstarini kila asubuhi.

Rangi haichaguliwi usiku, wala chini ya taa ya duka. Bluu ya bahari iliyokoza na nyeusi ni mapacha ndani ya duka. Nje kwenye jua mmoja wao anajitambulisha. Mama alitoka na jora mpaka barabarani, muuzaji akimfuata kwa wasiwasi. Jora la kwanza lilikuwa jeusi.

Kisha akafanya majaribio ambayo fundi alimfundisha, na hakuna hata moja linalohitaji utaalamu.

Alifumbata kona ya kitambaa kwenye ngumi, akahesabu mpaka ishirini, akaachia. Kilichobaki na mikunjo kama uso wa mzee ni pamba nyingi. Kilichojinyoosha kina polista. Kwa shati la nchi ya joto, pamba ni mfalme. Kwa sketi ya marinda, pamba tupu ni adhabu. Marinda yake yanafutika kila inapofuliwa, na mtoto atalazimika kuyapiga pasi upya moja moja, ishirini yote, kwa pasi ya mkaa. Polista iliyochanganywa na pamba hushika rinda. Mchanganyiko unaotumika sana kwenye sare ni polista asilimia 65 na pamba 35. Polista tupu nayo hushika rinda kuliko zote, lakini haipitishi hewa na hung'aa upesi pale mtu anapokalia.

Akakinyoosha mbele ya jua, mkono wake nyuma yake. Vidole vikionekana, na miguu ya mtoto itaonekana.

Akalowesha kona ya leso nyeupe kwa mate, akaisugua kwenye kitambaa. Leso ikitoka na bluu, shati jeupe nalo litatoka na bluu siku ya kwanza ya mvua.

Akachomoa uzi mmoja pembeni, akauwasha kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu. Polista huyeyuka na kuacha kitone kigumu. Kitambaa hicho kilifanya yote mawili, kidogo majivu, kidogo kitone. Ndicho. Muuzaji hakufurahia sana kiberiti, ni kweli, na ni ustaarabu kuomba ruhusa kwanza na kwenda kando ya majora.

Uzito nao si wa kusahau. Hanang ina asubuhi za baridi hasa Juni na Julai, na pale uwandani upepo haukosi. Kitambaa chepesi kama cha shati kitapeperuka, na msichana atatembea akiwa ameshika sketi kwa mikono yote miwili badala ya kushika vitabu. Kizito mno, kama kile cha makoti, hakikauki: ikifuliwa Jumamosi jioni, Jumatatu bado ina unyevu kiunoni. Gabadini ya uzito wa kati inafaa. Kitambaa kiangukapo kutoka mkononi kianguke moja kwa moja, kisielee.

Na kwa msichana wa umri huo, rangi iliyokoza na kitambaa kizito kidogo ni kinga nyingine ambayo mama na binti wanaielewa bila kuitangaza dukani. Siku ya hedhi inapomkuta darasani, sketi nyepesi ya rangi ya maji inaweza kumfanya asirudi shule wiki nzima. Pale ambapo shule imetoa nafasi ya kuchagua kati ya vitambaa viwili, basi hilo liwe na uzito kuliko bei.

Binti ndiye aliyechagua kati ya majora mawili ya mwisho. Mama alimuuliza, na hilo lilimshangaza mtoto hata akachelewa kujibu. Alichagua lile ambalo halikuwasha mkononi. Mama asingelijua hilo; mikono yake ya jembe isingesikia tofauti.

Wakarudi kwa fundi na mita 1.75, na swali la mama likiwa pale pale: itadumu vipi ikiwa imemkaa leo?

Fundi akamwonyesha. Kwanza pindo. Badala ya inchi moja ataweka tatu, zimekunjwa ndani na kushonwa kwa mkono, mishono ya kufumuka kirahisi. Kwa kawaida msichana hurefuka haraka sana kabla ya kuvunja ungo, na baada ya hapo mwendo hupungua. Wengi huongeza sentimita tano hadi saba tu mpaka wanapokoma. Tena sehemu ya urefu huo huingia mgongoni, si miguuni. Inchi tatu za pindo ni zaidi ya sentimita saba. Kwa binti aliyekwisha kuvunja ungo, zinatosha na kubaki. Kwa ambaye bado, fundi angeweka nne. Hapa sketi ya shule inaizidi kilti ya Uskoti, maana kilti ya kimila haina pindo kabisa. Chini yake ni ukingo wa jora lenyewe.

Kinachoongezeka zaidi baada ya hapo ni nyonga. Na nyonga zimehifadhiwa kwenye marinda. Fundi akifumua kiuno mwakani na kuachia nusu ya robo inchi tu kwa kila rinda, marinda ishirini yanatoa inchi mbili na nusu. Akiachia robo, zinakuwa tano. Sketi inapanuka na bado inaonekana ileile, rinda likiwa pembamba kidogo kwa ndani, jambo ambalo halionekani. Ukanda wa kiuno ndio lazima uachwe mrefu, inchi tatu zimekunjwa ndani upande wa zipu, na kifungo kikiwa na nafasi ya kuhamia.

"Kumbe kukua kwake kuko humu ndani," mama akasema, akishika mkunjo.

"Kuko humo, Ayo. Ukinifanyia kiuno thelathini leo, hakuna pa kuongeza wala pa kupunguza. Unapata gunia."

Kazi hiyo ina gharama yake, isifichwe. Pindo la mkono linachukua muda, na fundi aliongeza fedha kidogo kwa ajili yake. Mama alijadili, fundi akashuka, wakakubaliana kwamba kufumua mara moja mwakani hatalipia. Hilo nalo liliandikwa nyuma ya daftari. Makubaliano ya fundi bila maandishi husahauliwa na pande zote mbili, kila mmoja kwa faida yake.

Fundi hakushona papo hapo. Kwanza kitambaa kiloweshwe, kianikwe, kipigwe pasi, ndipo kikatwe. Chenye pamba husinyaa mara ya kwanza, na afadhali kisinyae kikiwa kitambaa kuliko kikiwa sketi. Kisha marinda yashikizwe kwa bandi, ile mishono mirefu ya muda, binti aje ajaribu kabla cherehani haijapita. Ilikuwa katikati ya Desemba, kwa hiyo muda ulikuwepo. Anayekwenda kwa fundi wiki ya kufungua shule hapati siku ya kujaribu. Anapata sketi.

Siku ya kujaribu binti aliingia stoo peke yake, akatoka amevaa sketi ya nyuzi nyeupe za bandi. Marinda yalifunga. Akapiga magoti bila kuambiwa, pindo likagusa sakafu pande zote isipokuwa kushoto nyuma, ambako lilikuwa limepanda kidogo. Fundi akatia alama ya chaki. Kisha binti akatoka mpaka mferejini mbele ya duka, akauvuka kwa hatua moja, akarudi kwa hatua moja. Vijana wa bodaboda walikuwepo. Hakuwatazama.

Mama alikuwa ameshaanza kudai mabaki ya kitambaa, vile vipande ambavyo fundi huona ni vyake. Alivitaka vyote, hata vya upana wa vidole vitatu. Pindo likishushwa mwakani litaacha mstari pale lilipokuwa limekunjwa, na kiraka cha kitambaa kilekile hakinunuliki dukani baada ya mwaka. Fundi akampa, akabakiza kimoja.

"Hiki nitakihitaji Januari ijayo," akasema, "yule mdogo wao akija."

"Yule mdogo wao atavaa hii," mama akajibu.

Binti akaangalia mkunjo wa pindo, inchi tatu, akaanza kuhesabu.